Nani Alipwe kwa Kuuangalia Ufa?

Tegeta ni mahali pazuri pa kugombania ufa. Saruji inatoka hapohapo, kiwanda cha Wazo Hill kinaizalisha tangu 1966, na kando ya Barabara ya Bagamoyo wamejipanga wanaoifyatua kuwa matofali, wanaochomelea mageti, wanaokata vioo vya madirisha, na daladala zinazowabeba wote hao kwenda Mwenge na Makumbusho. Bahari nayo haiko mbali. Upepo wake unafikisha chumvi hadi kwenye nondo zilizoachwa wazi juu ya paa zikisubiri ghorofa ya pili.

Wanaobishana hapa hawana majina kwa sababu ni watu wa kutunga: mama mwenye nyumba upande wa Salasala, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda Kibaoni, dereva wa daladala, na injinia mstaafu ambaye wote wanamwita Mzee. Kilichopasuka na kinachosimuliwa kwa tarehe, hicho si cha kutunga.

Mama ndiye anayeanza, na anaanza na hasira. Nyumba yake haijazeeka, lakini kutoka kona ya juu ya dirisha la sebule kuna mstari unaopanda mshazari kuelekea dari. Kila mwaka kabla ya sikukuu anamwita fundi rangi, fundi anaukwangua, anapiga puti, anapaka. Masika yakiisha mstari umerudi.

“Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta,” anasema Mama. “Mimi naziba kila mwaka. Huo ukuta nao naona unakuja vilevile.”

“Huko kuziba ndiko kunakokuumiza, mama yangu,” anajibu Mzee. “Ukishapiga puti umefuta ushahidi. Hujui tena kama mwaka huu umesogea inchi moja au haujasogea kabisa.”

Anachopendekeza Mzee ni penseli. Pale ufa unapoishia, piga alama ndogo ya kuukata, andika tarehe. Katikati ya ufa bandika kipande chembamba cha kioo kwa gundi kali, au paka jasi kidogo kutoka ukingo huu hadi ule. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima masika na kiangazi, huo sasa ni ufa uliotulia, na fundi rangi anaweza kuitwa kwa amani.

Mama haridhiki. Anataka kujua kwa nini akae na nyumba iliyopasuka kana kwamba ni jambo la kawaida. Jibu la Mzee linamkera zaidi: ni la kawaida. Zege linavumilia sana kukandamizwa, lakini likivutwa linaachia kwa takriban sehemu 1 kati ya 10 ya nguvu hiyo. Ndiyo sababu ya kutia nondo. Boriti ikibeba mzigo, upande wake wa chini unavutwa, zege linapasuka nyufa nyembamba, na hapo ndipo nondo inaposhika kazi yake. Miongozo ya usanifu inayotumiwa sana inaruhusu nyufa za kiasi cha milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu za fotokopi zikiwekwa pamoja. Zaidi ya hapo maji na chumvi vinapata mlango.

“Hiyo ni boriti,” anaingilia Fundi, ambaye amejenga kabla ya kushika stiki za kuchomelea. “Ukuta wa Mama ni wa tofali za inchi sita, hauna nondo hata moja. Na mimi nawajua wafyatuaji. Tofali limetoka kwenye mashine juzi, limemwagiwa maji mara moja, leo liko ukutani. Linaendelea kukauka humohumo ndani, linasinyaa, linavuta. Wewe ulitarajia nini?”

Mzee anakubali, anaongeza tu kwamba kusinyaa kunaeleza nguvu ya kuvuta, hakuelezi mahali. Kwa nini kona ya dirisha, kila nyumba, kila mtaa? Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis alipiga hesabu za tundu kwenye bati linalovutwa. Ukingoni mwa tundu la duara, mkazo unafika mara 3 ya ule ulioko mbali na tundu. Tundu likiwa refu na jembamba, lenye ncha kali, mkazo kwenye ncha unapanda zaidi na zaidi. Kona ya dirisha ni ncha. Linta ikiwa fupi, isipoingia vya kutosha kwenye ukuta kila upande, ncha hiyo imeachwa peke yake.

“Wazee wetu walijenga bila linta za zege wala injinia,” anasema Mama. “Nendeni Kunduchi mkaone magofu. Makaburi ya nguzo yako pale tangu karne ya 18.”

Hoja nzuri, na si ya kupuuzwa. Matumbawe na chokaa havina chuma ndani, kwa hiyo hakuna cha kuota kutu. Chuma kinapoota kutu ndani ya zege, kutu hiyo inataka nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilicholiwa. Inalisukuma zege kutoka ndani hadi linabanduka. Lakini Mzee naye ana mfano wa ng’ambo ya maji. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ni matumbawe pia, ila ikapewa nguzo na boriti za chuma, mbele kabisa ya bahari. Sehemu yake ilidondoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, upande mkubwa wa jengo ulianguka na watu wawili wakafa. Magofu ya Kunduchi yamesimama, ni kweli, lakini hakuna anayelala ndani yake, wala hayakubebeshwa ghorofa.

Kwenye kibanda cha jirani kijana wa alumini anakata kioo, na mjadala unahamia kwake bila kumwomba ruhusa. Anapitisha gurudumu dogo juu ya kioo mara moja tu, mkwaruzo usioonekana vizuri hata kwa macho mazima. Anakiweka ukingoni mwa meza, anabonyeza, kioo kinaachana kwa mstari ulionyooka. Hakukikata kioo chote. Alikipa mahali pa kuanzia.

Mhandisi Alan Griffith alifanya kazi na kioo pia, huko Farnborough, Uingereza, na mwaka 1921 akatoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa elimu hii. Kioo, kwa hesabu ya atomi zake, kingepaswa kuwa na nguvu nyingi kuliko ile inayopimwa. Kinachokidhoofisha ni nyufa ndogo zisizoonekana. Ili ufa uendelee, lazima nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kitu kilichovutwa itoshe kulipia gharama ya kutengeneza nyuso mbili mpya. Ufa mfupi haulipi. Ukifika urefu fulani, unajilipia wenyewe, na kuanzia hapo hauhitaji msukumo wa nyongeza. Hesabu yake inasema ufa ukirefuka mara 4, mzigo wa kukivunja kitu hicho unapungua hadi nusu.

Kwa hiyo swali la Mama, kama ufa wake ni mkubwa, halina jibu peke yake. Mkubwa kwenye kitu gani, chini ya mzigo gani? Milimita 2 kwenye nondo laini si kitu cha kutisha. Milimita 2 kwenye chuma kigumu cha springi ni habari nyingine.

Dereva amengoja neno hilo. “Shikamoo Mzee. Tuongee springi sasa, maana nyumba mimi nimepanga.”

Gari yake imekatika bapa la juu la springi ya nyuma mara ya pili, na mara zote mbili Fundi ndiye aliyeliunga. Safari hii limekatika sentimita moja pembeni ya weldi. Dereva anadai stiki zilikuwa mbovu. Fundi anadai njia ya Madale ndiyo mbovu. Vipande viwili viko sakafuni, na laiti watu wangeviangalia kabla ya kutupiana lawama, wangemaliza ubishi mapema, kwa sababu chuma kilichovunjika huandika historia yake kwenye jeraha.

Mzee anakiinua kipande kimoja juani. Sehemu moja ya jeraha ni laini, imefifia, ina kutu, na ina mistari ya upinde mmoja nyuma ya mwingine kutoka kwenye ukingo. Sehemu iliyobaki inang’aa na ina chembechembe mbaya. Hiyo inayong’aa ndiyo iliyokatika siku ya tukio. Ile yenye kutu ilikuwa imeachana zamani, kidogo kidogo, gari ikiendelea kupakia.

“Kwa hiyo haikukatika jana?” anauliza Dereva.

“Jana ilimaliza tu.”

Huu ndio uchovu wa chuma, na ulianza kusumbua watu tangu reli zilipoanza. Mwezi Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na makumi ya abiria wakafa. Miongo michache baadaye August Wöhler, akifanya kazi kwenye reli za Prussia, alizungusha ekseli kwenye mashine mara maelfu kwa maelfu na kuonyesha kwamba chuma kinaweza kuvunjwa na mzigo ambao kingeubeba bila shida ukipita mara moja. Kinachoua ni kurudiarudia. Tanuri la saruji la aina wanayotumia viwanda kama cha Wazo Hill ni bomba refu la chuma linalozunguka muda wote, na kila mzunguko unalipinda ganda lake huku na huku. Likizunguka mara 3 kwa dakika, hiyo ni mara 4,320 kwa siku, na zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Springi ya daladala inahesabu matuta na mashimo badala ya mizunguko, lakini hesabu ni ya jinsi ileile.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris alionyesha kwamba mwendo wa ufa unafuata kanuni inayopimika. Kwa vyuma vingi vya kawaida, ukizidisha mara 2 kile kiasi cha mkazo kinachopanda na kushuka, kila tuta linausogeza ufa kama mara 8 ya ilivyokuwa. Ongeza robo tu, na kila tuta linafanya kazi ya karibu matuta mawili. Dereva anaielewa hiyo haraka kuliko wanafunzi wengi: saa 12 jioni, abiria wamesimama hadi mlangoni, konda bado anaita.

“Sasa Mzee, nikipakia level siti hesabu ya bosi naitoa wapi?”

Hakuna anayemjibu, na ni haki kusema kwamba swali hilo halimo kwenye vitabu vya akina Paris.

Kuhusu weldi, Mzee ana neno kali. Chuma cha springi kina kaboni nyingi kuliko chuma cha geti, na kimepitishwa motoni makusudi kupata ugumu wake. Ukikichomelea, ukanda mwembamba pembeni ya weldi unapata moto mkali kisha unapoa haraka. Unageuka mgumu na mwepesi kuvunjika. Ufa mpya unazaliwa hapo.

“Najua,” anasema Fundi. “Haikatiki kwenye weldi, inakatika pembeni. Kila mara. Nimeona nyingi kuliko wewe.”

“Na bado unachomelea.”

“Anakuja saa 3 usiku, kesho saa 11 alfajiri anatakiwa barabarani. Nimwambie nenda kanunue mpya kwa hela ipi? Kikishika mnaita ubunifu wa mafundi wa Kitanzania, kikikatika mnaita uzembe.”

Fundi hana makosa yote. Ana jambo analofanya kwenye chesisi na mabati ambalo Inglis angelikubali papo hapo: kabla ya kuziba ufa anatafuta ncha yake na kuitoboa tundu la duara kwa drili. Hakufundishwa na kitabu. Aliona kwamba ufa uliotobolewa ncha haukimbii kama ule uliozibwa tu. Ncha kali imegeuzwa duara, mkazo umeshuka. Mzee anampongeza, kisha anamharibia furaha kwa kumtajia Comet.

Comet ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Tarehe 2 Mei 1952 ndege yenye alama G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, na njiani ikatua Entebbe. Afrika Mashariki iliuona mwanzo wa zama za jeti kabla ya nchi nyingi tajiri. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilisambaratika hewani karibu na kisiwa cha Elba na watu wote 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili nyingine, nayo ikiwa kwenye safari ya Johannesburg, ilisambaratika karibu na Naples; 21 wakafa. Huko Farnborough, palepale Griffith alipofanyia kazi miaka 33 kabla, wahandisi walichukua Comet ya tatu wakaizamisha bodi yake kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza presha na kuitoa kana kwamba inapaa na kutua. Ilikuwa imeruka mara 1,221 kweli. Baada ya mara 1,836 nyingine tangini, bodi ilichanika kuanzia kwenye kona ya tundu. Na kwenye utengenezaji wa Comet, nyufa ndogo zilizoonekana kiwandani zilitobolewa ncha, hivyohivyo kama Fundi anavyofanya. Tundu lilinunua muda. Halikuondoa sababu.

Comet zilizofuata zilisanifiwa upya, na East African Airways ilipokea Comet 4 zake za kwanza mwaka 1960. Somo lililobaki kwenye usafiri wa anga si kwamba ndege isiwe na ufa. Ndege za leo zinasanifiwa kwa kudhani ufa upo tayari mahali fulani, kisha wanapiga hesabu: utachukua muda gani kutoka urefu unaoonekana hadi urefu wa kuua? Muda huo unagawanywa, na ukaguzi unapangwa ndani yake zaidi ya mara moja. Ratiba ya ukaguzi ni sehemu ya nguvu ya ndege sawa na aluminiamu yake.

Mama amenyamaza muda mrefu. Anaporudi, anarudi na majina ya mitaa. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwenye kona ya Morogoro na Indira Gandhi liliporomoka. Watu 36 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la Kariakoo likaporomoka asubuhi, maduka yakiwa wazi, na waliokufa hawakupungua 29. “Hao walipewa muda gani na huo ufa wenu wa penseli?”

Mzee anakuwa mwangalifu hapa, na anafanya vizuri. Si kila jengo linaloanguka limeuliwa na ufa uliokua. Ukiondoa kinachoshika nguzo, au ukiongeza ghorofa ambazo msingi haukuhesabiwa kuzibeba, penseli haikusaidii. Unachohitaji ni mtu wa kusimamisha kazi. Baada ya Kariakoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo lile. Ni hatua ya maana, lakini iangaliwe imekuja lini: jengo lilikuwa limeshalala. Ukaguzi wa baada ya msiba unapata bajeti. Ule wa Jumanne ya kawaida, wakati hakuna kilichoharibika, nani anaupa hela?

Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ubishi wa Tegeta unapogusa penyewe. Fundi anaujua ukanda dhaifu wa pembeni ya weldi. Dereva anajua kwamba bapa linalia siku kadhaa kabla ya kukatika. Mama anaujua ufa wake kuliko mtu yeyote. Ujuzi upo, kinachokosekana ni malipo ya mtu kuangalia na kuondoka bila kutengeneza kitu.

Mzee anawaonyesha kwamba kuangalia si lazima kuwe ghali. Mafundi wa reli wa zamani walikuwa wakipaka ekseli mafuta mepesi, wakayapa muda wa kupenya, wakaifuta kavu kabisa, kisha wakaipaka chokaa nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi nje na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mafuta ya taa na chaki ya kusaga vinatosha kwa kuanzia. Springi isafishwe kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka tundu la boliti ya katikati, ambako nyingi hukatikia. Kama mstari haupo, rudi baada ya muda. Kama upo, bapa libadilishwe wakati gari imelala.

“Elfu tano kwa mwezi,” anasema Fundi baada ya kufikiri. “Nafungua, nasafisha, naangalia, nafunga.”

“Elfu tano kuangalia?” Dereva anacheka. “Bosi ataniuliza nini kimeharibika. Nikimwambia hakuna kitu, atajua nimeila.”

“Mpelekee picha ya chaki.”

“Bosi wangu anataka picha ya hesabu.”

Mama anamgeukia Mzee, anamwomba aje Salasala Jumamosi na penseli yake, amwangalizie dirisha. Mzee anasema atakuja, chai tu inatosha. Fundi anaweka grenda chini.

“Hapo ndipo unapotuharibia, Mzee. Wewe ukiangalia kwa chai, mimi nitaambiwa niangalie bure.”

“Basi taja bei,” anasema Mama.